Operesheni ya kupunguza uzito haiishii kwenye picha

Mhariri, hizi stori za operesheni ya kupunguza uzito mnazotuwekea zinaishia pale mtu anapovaa suruali ndogo anacheka, wakati maisha yenyewe ndo kwanza yanaanza. Faida zipo tena kubwa, sukari inashuka kwa wengi, magoti yanapata nafuu, kukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini kunapungua, sibishi. Ila mfuko wa chakula tumboni umeshakuwa mdogo, mtu anakula vijiko vichache ashashiba, na aliyefanyiwa baipasi (ile ya kukipitishia chakula njia ya mkato mpaka utumbo mdogo) akizidisha vitamu anaweza kupata kizunguzungu, jasho, moyo mbio na kuharisha juu yake. Nywele nazo huanza kukatika kama mwezi wa 3 hivi baada ya operesheni (nyingi hurudi, msipaniki), ngozi inaning'inia, na vitamini na madini ni za kumeza maisha yote sio mpaka kopo liishe, B12, chuma, kalsiamu. Halafu kuna kichwa, aliyezoea kujiliwaza kwa kula sasa ajiliwaze na nini? Mara nyingi kliniki anapimwa uzito anaambiwa hongera, basi. Tuandikieni na habari za mwaka wa 3, wa 5, uzito unapoanza kurudi kidogo na ndugu wanaanza maneno.

Msomaji wenu