Kabla ya kuchagua saa ya michezo ya watoto ufukweni, tazama mwezi

Wazazi wengi wanaotupigia simu kutaka tuwaandalie watoto michezo Coco Beach huanza hivi: "Jumapili, saa nane mchana." Nasi tunauliza, Jumapili hiyo mwezi uko vipi?

Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Hapa Dar es Salaam siku hizo hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kimo hupishana kwa karibu mita 3. Ulipotandika mkeka saa sita, saa tisa pana mawimbi. Mwanzo wa kazi hii yalitukuta: tulichora uwanja wa mbio saa saba, na kabla kundi la mwisho halijakimbia mistari ilikuwa imefutika, viatu vya watoto wawili vimekwenda na maji. Hakuna aliyeumia, lakini tangu hapo hatupangi saa bila kutazama jedwali la maji. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huchukua takriban saa sita kujaa, yakianza polepole, halafu katika saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda karibu nusu ya kimo chote. Wiki moja baada ya bamvua huja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana; hayo hupwa jioni, na mchana wenu unakuwa salama zaidi.

Mchanga nao huchagua mchezo. Ule mbichi, ambao maji yametoka juu yake punde, ni mgumu: unafaa mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Rede tunaipandisha kwenye mchanga mkavu. Wa katikati anakwepa mpira kutoka pande mbili huku akijaza chupa mchanga, na mchanga mbichi hukwama shingoni mwa chupa. Mtoto anapigwa bure na kukata tamaa. Mkavu unamiminika, na akijirusha chini haumii. Mpira wetu ni wa soksi.

Wapo wasiopenda kukimbizana, kila kundi halikosi wawili watatu. Hao tunawachimbia bao: mashimo 32, safu nne za manane, palipo na unyevu ili kingo zisiporomoke. Komwe 64 tunakuja nazo. Makombe ya ufukweni hatuyagusi, mengine yana kaa ndani. Kwa wadogo tunachimba safu mbili tu, na mara nyingi babu aliyekuja kuketi kivulini ndiye anayeishia kuwafundisha. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hatuchezeshi chochote ndani ya maji yanayopita magoti ya mtoto.

Ukituandikia, tupe tarehe, idadi ya watoto na umri wa mdogo kuliko wote. Saa tutakutajia sisi, na ikiwa ni bamvua tutakuomba mfike saa mbili asubuhi.