Long Island wamenikumbusha sanduku letu la kikoba

Ndugu Mhariri,

Mtoto wa dada yangu anaishi Hempstead, Long Island, na kila asubuhi hupanda treni kwenda kazini Manhattan, katikati ya jiji la New York. Akipiga simu, baada ya salamu na shida za baridi, huja hadithi ileile: wapo watu huko kwao ambao kwa miaka wametaka wilaya zao mbili, Nassau na Suffolk, zitoke Jimbo la New York ziwe jimbo lao. Sababu? Kodi wanayopeleka Albany, makao makuu ya jimbo, wanasema, ni kubwa kuliko inayowarudia. Mwaka 2009 kelele zilizidi, waajiri walipotozwa senti 34 kwa kila dola 100 za mishahara ili kuokoa treni na mabasi.

Hesabu hiyo naijua. Nakaanga samaki hapa Dunda, Bagamoyo, na mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Kuna mwaka wenzetu tisa, wakaanga samaki watupu, walikuja juu: hisa tunanunua sisi, mikopo wanakula fundi cherehani na wauza mboga. Wakataka chao. Tukafungua sanduku mbele ya watu, kufuli tatu, washika funguo watatu, tukahesabu noti moja moja mpaka magharibi, nazo zinanuka vibua. Wakaenda kununua sanduku jipya, la bluu.

Ikaingia kusi. Bahari ikachafuka, ngalawa zikalala mchangani, ndoo ya samaki ikawa haishikiki kwa bei. Wote tisa wakataka mkopo wiki moja. Nani amkopeshe nani? Sisi tuliobaki tulikuwa na fundi wetu, ana sare za shule za kushona, hela inaingia.

Ndiyo nilimwambia yule kijana: nyie mnaotaka kutoka, wengi wenu mnakula mshahara wa mji huohuo. Siku kazi za Manhattan zikikauka, zinakauka kwenu nyote. Alicheka, akasema shangazi zake wa kule wangenizomea. Sawa. Anayelipa ana haki ya kuoneshwa daftari, hilo sibishani nalo; nabishana na kuhama nyumba kwa sababu daftari halijasomwa.

Na mlango wenyewe ni mwembamba. Katiba ya Marekani, ibara ya nne, inataka bunge la jimbo likubali, na Bunge la nchi pia. Maine ilitoka Massachusetts mwaka 1820 kwa ridhaa. West Virginia ilipatikana mwaka 1863 vitani, Virginia yenyewe ikiwa imeasi. Sasa kama kweli Albany inawanyonya, itawafungulia kwa raha gani? Kwetu mambo ni mengine, mamlaka ya kugawa mikoa ni ya Rais. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilipozaliwa mwaka 2012 hakuna aliyeitwa kupiga kura.

Ombi langu, Mhariri: mwandishi wenu wa habari za nje akiligusa tena jambo hili, atueleze madeni ya reli ile na pensheni za walimu vitabaki kwa nani. Sisi tulipogawana sanduku tulisahau mkopo wa mwenzetu mmoja aliyefariki. Kila upande unasema alikuwa wa wale, na mjane wake tunakutana naye sokoni kila siku.

Mkaanga samaki,
Dunda, Bagamoyo