Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Watoto wetu wanachimba dawa barabarani

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni dereva wa basi, mkazi wa Uyole hapa Mbeya. Naandika kuomba matibabu ya ubongo kwa watoto yafike huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nina miaka 19 kwenye usukani kati ya Mbeya na Dar es Salaam, leo nashuka, kesho napanda. Najua huko Dodoma unapokea barua nyingi za wasomi. Hii ni ya mtu aliyeishia kidato cha nne, kwa hiyo unisamehe nikikata kona mahali penye njia iliyonyooka.

Kwenye mabasi tuna msemo wetu. Abiria akibanwa na haja anamwambia konda, "Naomba tuchimbe dawa." Gari linasimama, wanaume upande huu, akina mama upande ule, dakika tano tumeondoka. Naamini unaufahamu. Ila wapo abiria wangu ambao kwao msemo huo si utani. Wanapanda pale stendi ya Nane Nane alfajiri, mtoto mgongoni, bahasha kubwa ya kaki kwapani yenye picha za kichwa, na ukiwauliza safari ya wapi wanakujibu: Dar, kufuata matibabu. Hao ndio wachimba dawa wa kweli. Wanaichimba zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani kwao.

Miaka hii yote nimejifunza kuwatambua. Mama wa mtoto mwenye kichwa kikubwa anataka siti ya dirishani, maana ya njiani kila anayepita na begi atamgonga mwanawe. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo unamjua kwa mgongo: mtoto ana miaka saba, bado anabebwa na khanga, shingo imelegea, miguu inafika magotini mwa mama. Wa kifafa huwezi kuwatambua kabisa. Anakaa kama mtoto mwingine yeyote, anakula karanga zake, mpaka mfike Mafinga au Ipogolo ndipo gari zima linajua.

Binti yangu ni wa kundi hilo la mwisho. Ana miaka tisa. Alipokuwa na mitatu tulimpeleka Kyela kwa bibi yake, na Kyela unaijua kwa mbu. Malaria ikapanda kichwani, akalala siku nne bila kujitambua. Alipona, tukachinja kuku. Miezi ikapita, akaanza kukodoa macho na kutafuna hewa, anachezea kifungo cha gauni, ukimwita haitiki, halafu dakika moja baadaye anakuuliza, "Baba, ulikuwa unasemaje?" Mwalimu wa darasa la kwanza akasema ana dharau. Jirani akasema ni mapepo. Mke wangu akampeleka kwenye maombi, na sikumkataza; mimi mwenyewe nilipiga magoti. Siku alipoanguka darasani na kujikojolea ndipo tukaambiwa neno lenyewe.

Tulianzishiwa fenobabitoni, dawa ya kifafa. Ikasaidia kidogo, ikamfanya awe mtu wa kusinzia. Tukaandikiwa rufaa ya Dar akapigwe kipimo cha kusoma umeme wa ubongo. Hospitali tulizopita sitazitaja, maana sikuandika ili mtu aitwe ofisini. Mara ya kwanza tumefika, daktari yuko kwenye mafunzo, njoo mwezi ujao. Mara ya pili mashine ina hitilafu. Mara ya tatu tukapimwa. Na mimi nina bahati, kwenye gari la kampuni sitozwi nauli. Wenzangu wanalipa nauli, wanalipa gesti, wanauza debe la mpunga au mche wa parachichi ungali na matunda, halafu wanaambiwa mwezi ujao.

Nataka nikueleze kipimo chenyewe kilivyo, kwa sababu nilidhani tunakwenda kuona mtambo wa ajabu. Ni nyaya zilizobandikwa kichwani kwa kitu kama gundi, mtoto analala, nusu saa hivi, hakuna sindano wala maumivu. Mashine yake, Mheshimiwa, ni mzigo ambao konda wangu angeupokea kwenye buti na asitoze hata senti. Nilikaa pale nje nikajiuliza: kati ya mtoto wangu na hii mashine, ni nani ilikuwa rahisi kumsafirisha?

Najua utanijibu kwamba mashine si shida, shida ni wa kuisoma. Ni kweli. Lakini huyo msomaji hana lazima ya kukaa chumba kimoja na mtoto. Mchoro ule uko kwenye kompyuta. Tunatuma pesa kwa simu kutoka Makete mpaka Mwanza kwa sekunde. Mchoro wa kichwa cha mtoto unashindwaje kutoka Mbeya kwenda Muhimbili?

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, si la binti yangu. Ni la mama wa siti namba 14.

Alitoka Chunya, mtoto wake ana mwaka na kidogo, kichwa kikubwa kilichokwisha wekewa mpira huko Dar. Kwa wasiojua: ubongo unatengeneza maji kila siku, na yakikosa pa kutokea yanaukandamiza. Mpira unapita chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, unayatoa. Mipira hii huziba, si ajabu kuziba, hasa mwaka wa kwanza. Na ukiziba, saa zinahesabika. Mtoto yule alikuwa ametapika siku tatu. Zahanati walimpa dawa ya malaria. Hospitali kubwa zaidi wakamwambia mama arudi kule kule alikowekewa. Akapanda gari langu.

Tulipokaribia Ilula akamwomba konda tusimame. Konda akanipigia kelele, "Suka, mama wa kumi na nne anachimba dawa." Nikasimama. Hakwenda kichakani. Alisimama tu ubavuni mwa gari, amemnyanyua mtoto kwa mikono miwili mbele ya uso wake, anamtazama macho. Niliteremka. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama chini, weupe umebaki juu, kama jua linapomalizikia nyuma ya mlima. Hakuwa analia tena. Mbele yetu kulikuwa na Kitonga, kulikuwa na Mikumi na matuta yake, kulikuwa na Morogoro, Chalinze, foleni ya Kibaha. Kifaa cha mwendo kinapiga kelele nikizidi 80. Hata mtoto akiwa anakata roho, 80 ni 80.

Tuliingiza gari hospitali ya karibu, tukawaacha pale. Abiria walilalamika tumechelewa, kisha wakachanga, ndivyo walivyo abiria. Nilimwachia namba yangu ya simu kwenye tiketi. Hajapiga mpaka leo.

Hapa ndipo napenda nikupeleke nchi ya jirani. Iko Mbale, mji wa mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Si mji mkuu wa nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifunguliwa huko hospitali ya upasuaji wa ubongo na mgongo kwa watoto, na daktari mmoja Mmarekani, Benjamin Warf, akiwa hapo akaendeleza njia ya kuingiza kamera ndogo ndani ya ubongo na kuyafungulia maji njia mpya, hivyo watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Kilichomsukuma ni hesabu ile ile ya mama wa Chunya: mtoto wa kijijini akitegemea mpira, ukiziba, hawahi hospitali. Njia iliyokomaa Mbale ikaenda kutumika mpaka Boston. Kwa hiyo nikisikia kwamba ubingwa wa namna hii lazima ukae jiji kubwa, mimi nacheka kidogo. Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, ambao hupasua na ubongo pia, wamewaokoa wengi wa kwetu na sina neno baya nao. Nasema tu hawawezi kuwa jirani wa Tunduma.

Lakini nisikudanganye kwamba yote ni upasuaji. Watoto wa kifafa ni wengi kuliko wa mipira, na ugonjwa wao ni wa vidonge. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa inavyotakiwa. Binti yangu ni ushahidi. Alipobadilishiwa akapewa kabamazepini, alitoka kwenye kukodoa macho kila siku hadi mara moja kwa miezi miwili, na muhula uliopita ameshika namba sita darasani. Halafu dawa ikaisha kituoni. "Kanunue nje." Nje nayo haipo. Siku nne bila kidonge, usiku wa nne akaanguka mara tatu. Dawa hii haiachwi ghafla hata siku moja, na daktari yeyote atakwambia hivyo. Sasa kituo kinachotoa dawa ya wiki mbili mbili, kisha kinaishiwa, kinamtibu nani?

Na kambi za madaktari bingwa zinazozunguka kwenye halmashauri tunazishukuru, foleni zake umeziona. Ila kifafa hakingoji kambi. Mtindio wa ubongo vilevile: mazoezi ya viungo ni ya kila wiki, kwa mtu anayemjua mtoto. Huwezi kumfanyisha mazoezi ya mwaka mzima kwa siku chache za kambi.

Kuna mengine yasiyohitaji bingwa hata mmoja. Mgongo wa mtoto tumboni hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, mama hajajua hata kama ana mimba. Foliki asidi anayopewa akienda kliniki mwezi wa nne imechelewa kwa hilo. Inatakiwa iwe kwenye unga, na kwetu unga ni wa mashine ya mtaani, si wa kiwandani. Na ile habari kwamba kula kitimoto, nyama ya nguruwe, kunaleta kifafa, watu wengi hapa Mbeya na Songwe wanaieleza vibaya. Nyama isiyoiva inakupa tegu, mnyoo wa tumboni. Anayeingia kichwani na kuleta kifafa anatokana na mayai ya tegu kwenye kinyesi cha mtu, yanayofika kwako kwa mikono michafu, maji au mboga. Hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kumpata. Choo na kufungia nguruwe bandani ni tiba ya ubongo. Nani anawaambia watu hivyo?

Makonda wangu mimi nimewaambia langu. Mtoto akianguka garini: mlaze ubavu, nguo laini chini ya kichwa, tazama saa, kijiko na vidole viwe mbali na mdomo wake. Povu haliambukizi. Ushuzi hauambukizi, ndiyo, Mheshimiwa, bado kuna watu wazima wanaruka dirishani kwa ajili ya hilo. Zikipita dakika tano, gari linaingia hospitali, bosi atanikata mimi. Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja, dakika kumi, kwenye benchi la kusubiria. Wauguzi wa namna hiyo ndio nawaombea wilaya zote, Rungwe mpaka Ludewa, wakiwa na dawa kabatini na namba ya simu ya bingwa anayepokea.

Huyo bingwa naye awepo huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye kliniki ya ubongo wa watoto yenye siku inayojulikana, na chumba cha upasuaji kinachoweza kufungua mpira ulioziba usiku huo huo. Msamaha wa matibabu kwa watoto unaishia miaka mitano, wakati kifafa cha binti yangu hakikukoma alipokata keki ya miaka mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni mwaka 2023. Naomba kabamazepini na kile kipimo cha nyaya viwe ndani ya kitita ambacho hata mkulima wa viazi wa Uporoto anakipata. Na Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, sisi tukiwemo, zilipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu unaokwenda hadi 2031. Nilikuwa nausoma kwenye simu nikisubiri zamu stendi ya Mbezi. Miaka inakatika humo kama kilomita.

Kesho nashuka Dar. Kabla ya kuandika nimehesabu kwenye chupa ya binti yangu: vidonge 22. Anakunywa kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Ni mimi,
Dereva wa basi, Uyole, Mbeya