Mhariri, NIS na ujasusi wa jeshi si kitu kimoja

Mhariri, salaam kutoka Amu, mji wa Lamu. Ile taarifa yenu ya juzi ya mambo ya ujasusi tuliisoma hapa Mkunguni mpaka kahawa ikapoa, maana juu mmeandika "majasusi wa jeshi" na kumbe mnazungumzia NIS, idara ya ujasusi ya taifa ya Kenya, kisha chini mnaandika NIS na habari yenyewe ni ya KDF, jeshi la Kenya. Sasa msomaji ashike lipi?

NIS asili yake ni polisi. Ni ile Special Branch, tawi la polisi la ujasusi la Mwingereza, 1952, wakati wa Mau Mau, na baada ya uhuru ikakaa chini ya James Kanyotu kutoka 1965 mpaka 1991, na wale walikuwa wanakamata wenyewe, waliopitia vyumba vya mateso vya chini vya Nyayo House, Nairobi, hawahitaji kuelezwa. 1986 jina likageuzwa, kazi ikabaki ile ile. Ni sheria ya 1998 ndiyo iliyowanyang'anya ruhusa ya kukamata watu, ikazaliwa idara mpya, NSIS, halafu Katiba ya 2010 ikaiita NIS na sheria yake ikapita 2012. Bosi wao anateuliwa na rais, lazima Bunge likubali, miaka mitano na akiongezwa ni mara moja tu.

Ujasusi wa jeshi ni idara ndani ya KDF yenyewe. Kazi yao kamanda ajue adui yuko wapi, wako wangapi, wana silaha gani, njia gani imetegwa bomu, ndio kazi iliyokuwa ikihitajika walipoingia Somalia 2011 na huku kwetu msitu wa Boni tangu 2015. Ripoti zinapanda mpaka kwa Mkuu wa Majeshi. Hata kwenye Baraza la Usalama la Taifa, angalieni ibara ya 240 ya Katiba, bosi wa NIS ana kiti chake, wa ujasusi wa jeshi hana, neno lake linaingia na Mkuu wa Majeshi.

Sikatai, serikali nayo imechangia kutuchanganya. Tazameni mabosi wa NSIS na NIS: Boinett alikuwa brigedia, Gichangi meja jenerali, na Kameru ndio kabisa, alitolewa ujasusi wa jeshi akapewa NIS 2014, miezi michache tu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku Lamu. Mpaka 2023 ndio akaja Noordin Haji, mwanasheria, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Lakini kwetu haya si mambo ya mtihani. Nahodha wa Kiwayu akiona boti asiyoijua inapita usiku bila taa, amwambie nani? Na akija mtu kavaa shati lake la kawaida, kofia kaishusha machoni, akasema "mimi ni usalama, twende," huyo ni nani? Usalama gani? Mwaka huo huo wa 2014, mwezi wa Desemba, sheria ilibadilishwa, afisa wa NIS akaruhusiwa kumzuia mtu aliyemwona mwenyewe akifanya kosa kubwa, ila amkabidhi kituo cha polisi kilicho karibu bila kuchelewa. Na Katiba inasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Wazee wetu wengi hili hawalijui, vijana ndio usiseme, na gazeti ndilo lingetueleza badala ya kutuchanganyia mafaili.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, mtoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, nani anakusanya habari, nani anakamata, nani anampa nani ripoti, na mwananchi akionewa anashtaki wapi. Na siku mkiandika tena "duru za kijasusi zimetuambia" tafadhali semeni ni za NIS au za jeshi, kama hamjui basi msiandike.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu