Kitunguu saumu na kolesteroli: tuandikiwe na kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie madai ambayo kurasa za afya za magazeti yetu hazichoki kuyarudia, kwamba mtu akila punje mbili tatu za kitunguu saumu kila asubuhi kolesteroli itashuka na hatakuwa tena na haja ya vidonge. Sina ugomvi na kitunguu saumu chenyewe, ambacho ni chakula kizuri. Kinachonikera ni kwamba madai hayo huandikwa bila kipimo: msomaji haambiwi kolesteroli hushuka kwa kiasi gani, kwa nani, wala baada ya muda gani.

Ni kweli kwamba madai hayo yana chanzo. Punje ikipondwa, kimeng'enya kilichomo hugusana na kemikali iitwayo aliini na kuzalisha alisini, ambayo ndiyo yenye ile harufu kali. (Joto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayetumbukiza punje nzima kwenye sufuria inayochemka hapati alisini anayoidhania.) Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chambuzi zilizokusanya majaribio machache, mengi yakiwa madogo, zilitaja upungufu wa asilimia 9 hadi 12 wa kolesteroli yote, na nadhani hapo ndipo sifa hii ilipopata nguvu.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa makini zaidi. Mwaka 2007, Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa watu wazima 192 ambao kolesteroli yao mbaya, yaani LDL, ilikuwa kati ya miligramu 130 na 190 kwa desilita. Kundi moja lilikula kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kutiwa ndani ya mikate waliyoandaliwa, makundi mawili yakapewa vidonge vya kitunguu saumu vya aina mbili tofauti, na la nne likapewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Walitumia kiasi kinachokaribia punje moja kwa siku, siku 6 za wiki, kwa miezi 6, huku damu yao ikipimwa kila mwezi, na mwishowe hakuna kundi lililopata nafuu ya maana katika LDL.

Haki inadai niutaje pia uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumuisha majaribio 39, ambao uliona kwamba kwa wenye kolesteroli ya juu waliotumia kitunguu saumu kwa zaidi ya miezi 2, kolesteroli yote ilishuka kwa takriban miligramu 17 kwa desilita na LDL kwa takriban 9. Hata tukiikubali hesabu hiyo, mwenye LDL ya 160 atafika kama 151, ambayo bado ni ya juu, ilhali dawa za kundi la statini kwa kawaida huishusha kwa asilimia 30 hadi 50 kulingana na aina na dozi. Mwaka 2022, watafiti wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani, waliona rosuvastatini, mojawapo ya statini hizo, ya miligramu 5 tu ikiishusha LDL kwa karibu asilimia 38 ndani ya siku 28, na vidonge vya kitunguu saumu visiishushe. Siku 28 ni chache, nakubali, lakini miezi 6 ya Stanford si michache.

Kolesteroli haiumi. Aliyeacha statini kwa sababu ya alichosoma gazetini hatahisi tofauti yoyote wakati mafuta yanaendelea kujijenga katika kuta za mishipa yake, na huenda dalili yake ya kwanza ikawa mshtuko wa moyo au kiharusi. Isitoshe, vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na vimeonekana kupunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa ya virusi vya Ukimwi, katika damu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba makala yoyote ya kusifu kitunguu saumu iandikwe pamoja na tarakimu zake, na anayevitumia vidonge vyake akumbushwe kumweleza daktari kabla ya upasuaji na kabla ya kupunguza dawa yoyote aliyoandikiwa.

Wako,
Msomaji wa kurasa za afya