Barua kuhusu Penpont

Glasgow, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi, ndiyo maana mwandiko unayumba. Mzee hajambo? Juzi nilimkumbuka sana.

Nilikwenda Penpont, kijiji kidogo cha kusini mwa Scotland. Wamjua swala tomi? Huyo Tomi ni Joseph Thomson, yule Mzungu aliyepita Umasaini 1883, hata maporomoko ya Nyahururu yakaitwa Thomson's Falls. Alizaliwa Penpont 1858. Nilikwenda kumtafuta yeye, nikarudi na baba yake kichwani.

Baba, William, alikuwa mwashi, na nyumba aliyozaliwa Joseph aliijenga mwenyewe. Nilicheka peke yangu njiani. Mzee wako si kajengea nusu ya Lamu, na ukuta wenu wa uani mpaka leo haujapakwa chokaa?

Enzi hizo, uashi wa huku ulikuwa kazi ya msimu. Baridi kali ikishuka, chokaa haishiki: maji yaliyomo huganda, yakiyeyuka ukuta unamomonyoka. Fundi anakaa nyumbani, mkewe anaangalia unga wa oti unavyopungua. Uji asubuhi, viazi mchana, na mboga za bustanini. Katika nyumba nyingi za vijijini vitanda vilikuwa ndani ya kabati la ukutani, vina milango, watoto wanasukumwa humo kama mikate tanurini. Na lile vumbi la mawe! Waashi wengi liliwala mapafu kabla ya uzee. Mwambie mzee ajifunge kitambaa puani, hata akibisha.

Mwaka 1868 William akahamia Gatelawbridge, akakodi shamba na machimbo ya mawe mekundu. Joseph alifanya kazi kidogo machimboni humo, kisha akaenda Edinburgh kusomea jiolojia. Mwaka 1879 msafara aliojiunga nao ukaondoka Dar es Salaam kuelekea bara, mkuu wa safari, Keith Johnston, akafia njiani, Behobeho, na msafara ukabaki mikononi mwa kijana wa miaka 21. Wenyeji wa huku wanajivunia hilo. Mimi nasema aliyembeba ni Chuma, mkuu wa wapagazi, ambaye njia za bara alikuwa amezizoea tangu siku za Livingstone.

Jengo ninalokaa nalo ni la mawe mekundu ya upande ule ule wa kusini. Leo nimepitisha kidole mlangoni: mistari ya tindo imelala sambamba, moja baada ya nyingine, isipokuwa pembeni, ambapo fundi aliteleza, akajaribu kuficha kwa mapigo mafupi mafupi. Hebu muulize mzee: ukiteleza hivyo kwenye jiwe la matumbawe, unaficha au unalitupa? Niandikie jibu kama atakavyolitoa, na matusi yake usiyapunguze.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Glasgow