Usiipige msasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Bangor. Theluji inayeyuka na mto Penobscot umejaa. Wiki hii utaletewa mzigo mrefu: ni fimbo yangu ya kuvulia trauti, wale samaki wa maji baridi, ile ya mwanzi ya futi 9, pamoja na rili yake ya kuzungushia mshipi. Sasa ni yako, mama. Ila kabla hujaigusa, soma kwanza.

Unajua nimekulia Ukerewe. Tulikata ufito, tukafunga mshipi na ndoana, tukavua. Nilipofika huku Maine, Marekani, na kuona watu wanavua kwa mwanzi, nikaamini kazi hii naijua. Kumbe ufito wetu ni mwanzi mzima, ndani una uwazi, na huu wao hauna uwazi. Fundi anaupasua mwanzi kuwa vijiti, kila kijiti anakipiga randa mpaka kiwe na pembe tatu za digrii 60, kisha anaviunga sita kwa gundi. Vyote vinakonda kuelekea nchani, na kipimo chake ni sehemu za elfu za inchi. Akikosea kidogo, mkono wa mvuvi utajua.

Mwanzi wenyewe unatoka Guangdong, China, japo sokoni waliuita Tonkin, jina la eneo la kaskazini mwa Vietnam. Nyuzi zake zenye nguvu zimesongamana nje, chini tu ya ngozi. Ukiingia ndani zinapungua. Kwa hiyo randa inapita pande mbili za ndani za kijiti. Ule wa nje unakwanguliwa ngozi tu, basi.

Mimi hilo sikulijua. Fimbo yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya zamani uani kwake. Vanishi ilikuwa imepasuka na kuwa nyeusi. Nikaitazama kwa jicho la seremala, nikachukua msasa, nikasugua jioni nzima mpaka ikang'aa. Zile nyuzi za nje, zilizopandwa na mkulima na kulindwa na fundi kwa miaka labda themanini, nikazigeuza vumbi kwa saa tatu. Nilipoipeleka mtoni ilinepa mno, haikuwa na nguvu ya kuurudisha mshipi. Bado ninayo, iko juu ya benchi langu. Kila nikishika msasa huitazama kwanza.

Iliniuma zaidi nilipojua ninaishi wapi. Hiram Leonard, fundi bunduki, alianzia kazi hii hapa hapa Bangor miaka ya 1870, akahamia Central Valley, New York, mwaka 1881. Mashine yake ya kukatia vijiti aliifungia chumbani ili wengine wasiige. Fred Thomas, Eustis Edwards na Edward Payne walijifunza kwake, kisha wakatoka wakatengeneza fimbo zao wenyewe. Baadaye, mwaka 1950, Marekani ilipokata biashara na China, mwanzi ukaadimika na fimbo za fiberglasi zikachukua soko.

Kwenye hii yako utaona nyuzi za hariri zimezungushwa karibu karibu toka mpini hadi nchani. Mafundi wa kale hawakuiamini sana gundi yao, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, maji huilegeza. Ikilowa, ifute, iache ikauke kabisa ndipo uirudishe kwenye mfuko wake. Usiiegemeze ukutani, itapinda. Itundike. Hariri ikikatika, nitumie kipande hicho cha fimbo nikifunge upya. Rangi yake ninayo.

Rili usiing'arishe. Ule weusi wa shaba ndio umri wake, na wakusanyaji huutafuta. Tone moja la mafuta kwenye mhimili linatosha. Matundu ya ubavuni si urembo: Charles Orvis, huko huko kwenu Vermont, alipata hataza ya rili ya namna hiyo mwaka 1874, na upepo unaopita humo hukausha mshipi wa hariri usioze.

Jambo la mwisho ni viungio vya chuma. Unapoitenganisha fimbo, vuta moja kwa moja, usizungushe hata kidogo, utaupasua mwanzi. Kile cha kati hukwama mara nyingi. Kikikwama, kiache hivyo hivyo mpaka nije mwezi wa nane. Wewe utashika huku, mimi kule, tutavuta pamoja.

Baba yako